Chai ya Mlimani Iliyonuka Dagaa

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, anayeteremsha mvua juu ya milima na kulipatia kila jani ladha yake, aliyenipa pua, akainyamazisha, kisha kwa huruma yake akanirudishia. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu, na kila anayejitahidi kufuata njia ya wema.

Vijana wangu, nimeuza majani ya chai ya kupima hapa Kasulu kwa zaidi ya miaka arobaini. Sisemi chai ya vifuko vyenye uzi. Nasema majani yenyewe, yanayochotwa kwenye debe, yanapimwa mzani ukitulia, yanafungwa kwenye karatasi na kupelekwa nyumbani. Siku hizi duka analo binti yangu Asha, nami nakaa barazani na kikombe changu. Wengi wenu mnaofungua migahawa mnapita kuniuliza hili na lile, na nimekuwa nikiwajibu vipande vipande, mara nyingi huku mmekaa juu ya bodaboda na injini inanguruma. Leo nimeamua kuandika. Nitawaambia ninayoyajua kuhusu chai, lakini zaidi nataka mjue juu ya miezi mitano ambayo sikusikia harufu yoyote, nikaficha, na kwa kuficha kwangu nikamharibia jina mama mmoja asiye na kosa.

Nianze na aliyenifundisha. Mzee Kibwana alikuwa amefanya kazi katika kiwanda cha chai kule Usambara kabla ya kuwafuata ndugu zake huku na kufungua duka. Siku yangu ya kwanza aliniambia, "Rajabu, tupikie chai." Nikafanya kama mama yangu alivyofanya: maji baridi, majani, sukari, vyote pamoja, moto mpaka vimekuwa vyeusi. Mzee akaangalia ndani ya kikombe kwa muda mrefu.

"Hii unaweza kutilia rangi shuka," akasema. "Umeyapika majani kama sombe. Nani amekwambia chai ni mboga?"

Akaimwaga nje, akanionyesha. Maji yachemke kwa nguvu, mara moja tu, maana maji yaliyochemshwa tena na tena yanapooza ladha. Epua. Tia majani, kijiko kidogo kimoja kwa kila kikombe. Funika. Halafu usiguse. Mzee hakuwa na saa ya kupimia, alikuwa akisoma Alhamdu mara saba, polepole, bila kukimbilia mwisho. Ukimaliza, chuja. Ukitaka maziwa, yachemshe peke yake na tangawizi yako, kisha uyakutanishe na chai. Miaka mingi baadaye, Mama Neema, ambaye mtamjua sasa hivi, aliniambia kwamba yeye alijaribu Baba Yetu mara saba na chai ikatoka ileile. Nikamwambia sishangai.

Kanuni ya pili ya Mzee ilikuwa ya stoo. Jani la chai likikauka linakuwa na kiu, na halichagui la kunywa. Linavuta harufu ya sabuni, ya mafuta ya taa, ya vitunguu, ya ngozi, ya chochote kilicho karibu. Kwa hiyo katika stoo yetu hakikuingia kitu chenye harufu. Ijumaa moja nilitoka msikitini nimejipaka marashi, nikataka kuingia kuchota majani. Alinizuia mlangoni kwa fimbo yake. "Nenda ukabadili kanzu. Mimi siuzi chai ya bwana harusi."

Na kitu cha kwanza kabisa kilichokatazwa, hapa kwetu tunakokula dagaa wa Kigoma kila wiki, kilikuwa dagaa. Jirani yetu wa ukuta mmoja ni Hamisi, ambaye mpaka leo anauza dagaa, na kabla yake aliuza baba yake. Kila masika, paa lao linapovuja, wamekuwa wakiomba kuweka magunia kwetu siku mbili tatu. Mzee Kibwana alikataa kila mwaka. Alipofariki, Mungu amlaze pema, nami nikakataa kila mwaka. Hamisi alizoea. Aliomba kama anayetoa salamu tu.

Sasa niwaeleze pua inafanya kazi gani. Chai inayoota juu, penye baridi na ukungu, inakua polepole, na ule upole ndio unaoijaza ladha. Mchumaji anachuma majani mawili na kichipukizi chake. Yananyaushwa, yanasokotwa, yanaachwa yageuke rangi kama tunda linaloiva, kisha yanakaushwa. Lakini kila mlima una tabia yake. Ya Usambara ni nyepesi, inanukia kama majani mabichi yaliyokatwa asubuhi, ukiitia maziwa mengi umeidhulumu. Ya Mufindi ina rangi ya shaba na nguvu, hiyo ndiyo ya maziwa na ya watu wanaokwenda kulima. Ya milima ya Burundi, inayotufikia kwa njia ya Mabamba na ya Buhigwe, ina ukali mzuri unaokumbusha ganda la ndimu, na ukiiwekea asali ya Kibondo badala ya sukari utakaa kimya kidogo kabla ya kuongea. Mimi nilikuwa nachanganya hizo tatu kwa vipimo vyangu, na mchanganyiko huo ndio watu waliouita chai ya Rajabu.

Kuonja kuna adabu yake. Unavuta chai kwenye kijiko kwa sauti kubwa, ili iingie pamoja na hewa na kupanda puani. Mke wangu, Bi Zuhura, alinipiga marufuku kufanya hivyo mezani tangu mwaka wa kwanza wa ndoa. "Baba Asha, wageni watadhani tumefuga ng'ombe ndani." Lakini siri ni kwamba ulimi unajua mambo machache tu: tamu, chungu, kali. Mengine yote ni pua. Na katika mwezi wa Ramadhani, mchana, mimi sikuonja kabisa. Najua wanazuoni wameruhusu mwenye haja aonje na kutema, lakini Mzee Kibwana hakupenda, nami nikafuata. Mwezi mzima nilinunua na kuchanganya kwa kunusa tu. Watu walinisifu kwa hilo, na nawaambia kweli, nilizipenda zile sifa.

Mwaka wa ile miezi mitano niliyowatajia, wiki mbili kabla ya mfungo, nilipata mafua makali. Homa iliondoka, kikohozi kikaondoka, pua haikurudi. Asubuhi moja nilifungua debe la chai ya Usambara, nikainamisha uso, na hapakuwa na kitu. Ilikuwa kama kufungua debe la mchanga. Nikafungua la pili, la tatu. Nikachukua karafuu, nikaisaga kwa meno. Nikasikia inawasha, lakini haikuwa karafuu.

Muuguzi aliniambia nisubiri, kwamba wengine hurudiwa na wengine huchelewa. Nilitoka pale bila kumwambia mtu yeyote. Niliogopa. Ningekuwa nani bila pua? Mzee mmoja mwenye mzani. Nikajiambia mikono inajua, macho yanajua, nitachanganya kwa mazoea mpaka pua irudi. Na nusu ya hilo ni kweli. Jani zuri linalia likikamuliwa kiganjani, jani lililozeeka linakuwa vumbi. Mashapo mazuri chini ya sufuria yana rangi ya shaba, si nyeusi. Lakini macho hayajui harufu, na kila mteja aliyeniletea pakiti ninuse, niliinusa kwa heshima zote, nikafumba macho, nikatikisa kichwa kama bingwa. Huo ulikuwa uongo, hata kama sikufungua mdomo.

Mvua zikaja katika wiki ya kwanza ya mfungo. Hamisi akaja mlangoni.

"Mzee Rajabu, magunia yangu matatu, siku mbili tu. Najua utakataa, lakini nimeumbwa na mdomo."

Nikaangalia magunia yake. Yalikuwa makavu, yameshonwa vizuri, hayakuninukia chochote. Nikasema, "Yaingize."

Hamisi alinitazama kama mtu aliyesukuma mlango kwa nguvu akakuta haukufungwa. "Una homa, Mzee?"

"Yaingize kabla sijabadili mawazo."

Gunia langu la chai mpya lilikuwa wazi, nusu nimelichanganya. Nililifunika kwa turubai, nikaona nimefanya ya kutosha.

Siku tatu baadaye zamu ya kupeleka chai ya futari msikitini ilikuwa yangu. Bi Zuhura alikuwa amekwenda Kibondo kumwangalia dada yake, kwa hiyo niliipika mwenyewe, birika mbili kubwa. Jua likazama, adhana ikatolewa, tukala tende, nikawamiminia watu chai kwa mkono wangu. Shehe akanywa, akasita, akaangalia ndani ya kikombe. Walio karibu naye wakanywa, wakatazamana. Nami nikanywa, ikawa moto na utamu tu, nikasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Hii ni ya mlimani kabisa, ndugu zangu. Isikilizeni vizuri."

"Tunaisikia, Mzee," akasema mmoja.

Hamisi, aliyekaa upande wa pili wa mkeka, alinusa kikombe chake mara mbili, akainamisha kichwa kama mtu aliyekutana na ndugu yake mahali asipotegemea. Walikunywa wote, mpaka mwisho, kwa kuniheshimu. Nikarudi nyumbani nimefurahi.

Kesho yake, asubuhi, alikuja Mama Neema. Huyu ni mama wa Kiha kutoka vijiji vya juu, Mkristo, ana mgahawa stendi, na madereva wa mabasi ya Kigoma wanamjua kwa chai kuliko wanavyozijua kona za barabara. Alinikuta na wateja wanne. Akaweka pakiti mezani.

"Mwakeye, Mzee," akanisalimu kwa Kiha.

"Mwakeye, Mama Neema."

"Chai yako inanuka dagaa."

Hakuna namna nyingine ya kuisema sentensi hiyo, nami nimeitafuta sana. Nikachukua pakiti, nikainusa kwa muda mrefu, nikafumba macho yangu ya bingwa. Halafu nikasema, mbele ya watu wote wanne, "Mama, majani haya ni safi. Angalia sufuria yako. Labda unapikia samaki na chai humo humo."

Alinitazama bila hasira, na hilo ndilo lililonikaa moyoni. "Miaka kumi na mitano nanunua kwako," akasema. "Sufuria yangu ya chai haijawahi hata kuona yai." Akaondoka, pakiti akaiacha.

Kufikia adhuhuri maneno yalikuwa yamefika stendi. Mji wetu si mkubwa. Madereva walimwuliza kama leo kuna chai ya kukaanga au ya mchuzi. Kondakta mmoja alimletea ugali, akasema amwagie chai juu yake. Watu waliacha kunywa kwake, si kwa chuki, kwa mzaha tu, na mzaha unafunga mgahawa upesi kuliko ugonjwa. Niliyasikia hayo yote nikiwa dukani, nikanyamaza, nimefunga, na kwenye meza yangu kuna msahafu.

Bi Zuhura alirudi siku ya tatu, wakati wa alasiri. Hakuwa ameweka mkoba chini alipouliza, "Dagaa wa nani huko dukani?"

"Dagaa gani?"

"Baba Asha. Wananuka mpaka barabarani."

Nikamwambia Hamisi ameshachukua magunia yake. Akaingia stoo, akatoka na majani kwenye kiganja, akayaleta puani kwangu. "Nusa."

Nikanusa. Safari hii sikufumba macho.

"Tangu lini?" akauliza, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Wiki iliyopita maharage yaliungua mbele yako, umekaa unasoma. Nikadhani ni uchovu wa mfungo."

Nikamwambia yote. Mafua, madebe, futari, Mama Neema. Aliposikia la futari akafunika uso kwa mtandio, na mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia.

"Na Shehe alikunywa?"

"Mpaka mwisho."

"Mungu amlipe," akasema, akifuta machozi ya kicheko. Kisha kicheko kikaisha. "Lakini la yule mama si la kucheka. Umefunga tumbo, mdomo umeuacha wazi."

Kwa Mola wangu ningeweza kutubu pale pale barazani, na yeye ni mwingi wa kusamehe. Lakini jina la mtu huwezi kumrudishia kwa kumwomba Mungu peke yako. Inabidi uende mahali ulipoliangushia.

Kesho yake, baada ya swala ya adhuhuri, nilimwomba Shehe nafasi ya maneno mawili. Nikawaambia waumini kwamba pua yangu imekufa tangu kabla ya mfungo, kwamba chai waliyokunywa ilikuwa imelala na dagaa katika stoo yangu mwenyewe, na kwamba naomba radhi. Kisha Hamisi akasema kutoka nyuma, "Mzee, mimi niliwatambua. Wale ni dagaa wangu wa daraja la kwanza. Nilishindwa tu kujua nikudai au nikushukuru." Msikiti mzima ulicheka, na Shehe alicheka kabla yao.

Kutoka pale nilikwenda stendi kwa miguu, nikimwomba Mungu anipe ulimi. Mama Neema alikuwa anaosha vikombe. Mabenchi yalikuwa na watu watatu tu. Nikasimama kati ya mabasi mawili, nikawaita wale madereva kwa sauti niliyokuwa nayo.

"Nisikilizeni. Huyu mama sufuria yake ni safi. Chai iliyonuka ilikuwa yangu. Niliharibu mimi, nikajua naweza kuwa nimeharibu, nikamsingizia yeye kwa sababu ya aibu. Mimi sisikii harufu. Hata nikisimama hapa sijui kama mnapika au mnaunguza."

Kondakta yule wa ugali akauliza, "Sasa Mzee, zile pakiti ulizokuwa unanusa wiki zote hizi, ulikuwa unasikia nini?"

"Karatasi," nikasema.

Mama Neema akakausha mikono yake kwenye kanga. Nikamgeukia. "Mama Neema, nimekukosea mbele ya watu, nakuomba msamaha mbele ya watu."

"Nimekuwa na siku nne mbaya, Mzee," akasema. "Jana nilimwaga birika nzima." Aliacha maneno hayo yanifikie, na alikuwa na haki. Kisha akasema, "Nimesamehe. Lakini nani atakuchanganyia chai?"

Sikuwa nimefikiria hilo. Nilikuwa nimefika tu na mzigo wangu na kuutua, na nilijisikia mwepesi kiasi kwamba miguu haikuwa na uhakika wa ardhi. Kumbukeni hili, vijana: faraja ilinijia siku ile, pua ikiwa bado imekufa. Nililala usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu mafua.

Gunia lile lote lilikwenda shambani kuwa mbolea. Stoo tuliifagia, tukaipaka chokaa, tukaiacha wazi wiki nzima. Na tangu hapo kila Jumanne asubuhi Mama Neema alikuja dukani kabla ya kufungua mgahawa, akainama juu ya madebe yangu.

"Nakuja kuweka pua ya Kikristo kwenye chai ya Waislamu," aliwaambia wateja. Asha aliandika anayoyasema: hii imechoka, hii ina ukungu, hii iache. Mimi nilikamua jani na kuangalia mashapo. Sisi watatu kwa pamoja tulikuwa mtu mmoja mzima. Na wateja, niliodhani watakimbia, walibaki. Wengine walikuja zaidi, kumwona mzee aliyekiri kwamba hajui.

Idi ikapita. Masika yakaisha, kiangazi kikaingia, vumbi likarudi. Nilikuwa nimeshaanza kumshukuru Mungu kwa alivyonipa pua miaka sitini na kitu, nikiamini muda wake umekwisha. Asubuhi moja nilitumwa na Bi Zuhura sokoni kununua chumvi. Nilipokuwa napita kwenye meza ya Hamisi, kitu kilinigonga katikati ya uso. Nilisimama. Kilikuwa kikali, cha chumvi, cha jua na maji ya ziwa. Nikarudi hatua mbili, kikapotea. Nikasogea, kikarudi. Nikainama juu ya fungu la dagaa, nikavuta pumzi mpaka kifua kikauma, na machozi yakaanza kudondoka yenyewe.

Hamisi akaacha kupima. "Mzee Rajabu. Nani amefariki?"

"Hakuna aliyefariki."

"Sasa unalilia nini juu ya mali yangu?"

"Hamisi, wananuka."

Akaangalia kulia na kushoto kama wateja wamesikia. "Dagaa wangu hawanuki, Mzee. Usiniharibie biashara mchana kweupe."

"Wananuka, mwanangu. Alhamdulillahi, wananuka sana."

Ndipo akaelewa. Akazunguka meza, akanishika mabega, tukasimama pale tunacheka na kulia, watu wakitupita na vikapu vyao. Kisha akachota dagaa kwa mikono miwili, akanifungia kwenye karatasi, akakataa hela.

Chumvi niliisahau. Nilipitia stendi, nikamwambia Mama Neema achemshe maji. Alitia majani, akafunika, na midomo yake ikaanza Baba Yetu, na yangu ikaanza Alhamdu, mara saba, kila mtu na yake, tukamaliza karibu pamoja. Akafunua. Harufu haikuja yote. Ilikuja kidogo, kama sauti ya mtu anayeita kutoka ng'ambo ya bonde. Lakini niliijua. Ilikuwa ile ya ganda la ndimu, ya milima ya ng'ambo.

"Unasikia nini?" akaniuliza.

"Burundi," nikasema. "Na dagaa kidogo."

Aliangalia sufuria yake kwa wasiwasi. Nikanyanyua kifurushi changu cha Hamisi, akanipiga bega kwa kitambaa.

Mpaka leo anakuja kila Jumanne, ingawa pua yangu imerudi karibu yote. Asha anamhitaji zaidi yangu, na mimi namhitaji kwa sababu nyingine.

Ewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akupe maji safi na jani jema. Akupe watu wa kukuambia chai yako inaponuka, na moyo wa kuwasikiliza siku hiyohiyo. Alichokuchukulia akurudishie kwa wakati wake, hata kama atapitishia kwenye meza ya dagaa. Amina.